Gesi Isiyonuka

Mliniacha Jumanne kando ya lori, karatasi mkononi. Leo naanzia Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku niliyoidanganya serikali, na bado sijampata wa kunisamehe.

Kwa aliyenikuta njiani nitarudi nyuma kidogo tu. Mimi ni Mutheu. Mume wangu Antony alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na mwanamke, hakurudi. Mama yake, Kamanthe, akasema ni mdomo wangu uliomfukuza mwanawe. Akanitoa kwake Mumbuni, akabaki na binti yangu Mukai. Haukupita muda nikapunguzwa kazi kiwandani Athi River. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu, Nzuki, akaniajiri niwe karani kwenye ghala lake la gesi pale Kyumbi.

Ilikuwa Agosti 2008 na gesi ya kupikia ilikuwa imeadimika kila mahali. Hospitali moja ya misheni ilibakiwa na gesi ya siku moja. Ofisi ya kawi, inayosimamia mafuta na gesi, ikamruhusu Nzuki, kwa dharura, achukue kilo elfu moja kutoka kiwanda kinachotengeneza dawa ya kupulizia wadudu.

Gesi ile haikuwa na harufu. Wengi hawajui: gesi yenyewe hainuki. Ule uvundo unaousikia hutiwa makusudi, ili ikivuja pua ikuambie. Kiwanda cha dawa, kinachotumia gesi kusukuma dawa itoke mkebeni, hakitaki uvundo, kwa hiyo gesi yao huja vivyo hivyo.

Ndiyo maana masharti yalikuwa mawili. Gesi yote iende kwenye tangi la hospitali, lililo nje na lenye fundi wake. Na kabla ya saa arobaini na nane kwisha, ghala lipeleke ilani ya maandishi: kilo ngapi, zimetoka wapi, zimekwenda kwa nani.

Lori lilifika Jumanne saa tano asubuhi. Hospitali ikapata kilo mia sita themanini na nane. Zilizobaki Nzuki akazijaza kwenye mitungi ya nyumbani ishirini na minne, na Jumatano dereva wetu Laban akaisambaza yote.

Mimi nikaijaza ilani kama mambo yalivyokuwa, nyumba kwa nyumba. Ndivyo Alhamisi ilivyonikuta.

*

Alhamisi saa mbili na nusu Nzuki aliisoma ilani yangu akiwa amesimama, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Hii ni nini, Mutheu?"

"Ni ile ilani, bosi. Muda unaisha saa tano."

"Nimekuuliza hii ni nini." Kidole chake kilikuwa kwenye majina. "Mama nani wa Mumbuni. Hoteli gani ya Kyumbi. Unaiambia serikali nani anapikia nini?"

"Fomu inauliza kila kilo imeenda wapi."

"Kilo zote zimeenda hospitali."

Nikanyoosha mkono kuichukua.

Akaichana ilani yangu mara mbili, mara nne, akavizamisha vipande kwenye chai yake na kuvikoroga kwa kalamu mpaka wino ukatoka.

"Bosi, ile gesi hainuki. Mtungi ukivuja..."

"Hautavuja. Watapikia wiki mbili, itaisha. Nani atajua?"

"Basi tuwapigie simu. Tuwaambie tu wafungue madirisha."

"Leseni yangu ikienda, wewe utaenda wapi? Kwa Kamanthe?"

Alijua pa kunichoma. Chifu alikuwa ameniambia nilete barua ya kazi, ndipo akae na Kamanthe wazungumze habari ya Mukai. Barua hiyo ilikuwa mezani kwa Nzuki wiki ya pili, haina sahihi.

"Barua yako nitaisaini leo jioni," akasema, sauti imelegea kama ya mtu anayeombea mgonjwa. "Kaa chini. Andika upya."

Nikakaa chini. Nikaandika: kilo elfu moja, tangi la hospitali.

"Weka sahihi."

"Sahihi si ni yako, bosi?"

"Fomu inasema mwenye ghala au mwakilishi wake. Wewe ni mwakilishi."

Nikaweka. Hakuna aliyenishika mkono.

*

Ofisi ya kawi ilikuwa mjini Machakos, ghorofa ya pili. Afisa aliitwa Bi Mwikali. Aliichukua ilani, akaangalia saa ya ukutani, akatabasamu.

"Umekuja ndani ya muda. Wengi huja siku ya tano wakilia."

"Tulitaka kufuata sheria," nikasema. Hata sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Elfu moja, zote hospitali?"

"Zote."

"Hakuna mtungi hata mmoja wa nyumbani?"

Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Ningeweza kulia pale. Ningeweza kusema, dada, nisaidie. Nikaikumbuka barua ya chifu.

"Hakuna."

"Sikuulizi kwa ubaya. Mtungi mmoja tu wa gesi kama hii ukiwa nje, nataka kujua uko jikoni kwa nani. Ndiyo kazi ya hii karatasi."

Muhuri ukashuka. Saa nne na dakika arobaini.

Nikamwambia asante. Nilimwambia asante!

*

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu ilipolia. Laban.

"Mutheu, sasa? Mwambie bosi mitungi tupu nimeirudisha. Na usinikasirikie, jana nimempelekea mtu wako mmoja."

"Mtu wangu nani?"

"Susu yake Mukai, nyanya yake. Alinisimamisha hapo Mumbuni, akasema hii baridi imemmaliza na makaa karibu yote yamelowa. Nikamshushia. Kwani hukumuona kwa orodha? Niliandika Mama Antony."

Nilikuwa nimeliona hilo jina. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Antony wa Mumbuni wako wengi, na nilikuwa nimejizoeza kutowaza nyumba ile.

"Mutheu? Nimekosea?"

"Laban, ile gesi hainuki."

"Hainuki aje?"

Hakujua. Nzuki hakumwambia, na mimi niliyejua tangu Jumanne sikumwambia.

"Ikivuja hakuna mtu atasikia. Leta kitabu chako cha kusambaza hapa ofisi ya kawi. Majina ya jana yamo?"

"Yote. Lakini Mutheu, mimi niko na watoto wanne..."

"Hao wengine pia wako na watoto. Kilete tu. Mimi nakimbia Mumbuni."

Nikampigia Kamanthe. Akaona ni mimi, akakata. Nikapiga tena. Akazima simu.

*

Bodaboda ilinishusha langoni. Kamanthe alikuwa anatoka kibanda cha nje, kaa la moto jekundu amelibeba juu ya kifuniko cha sufuria, anaelekea jikoni.

Akaniona. "Toka."

"Mwaitu, mama, huo moto weka chini."

"Nimesema toka. Ni nani amekutuma?"

"Sikuja kwa ubaya. Huo mtungi wa gesi ni mbaya. Umeuwasha?"

"Nimefungua, kiberiti kikakataa, kimeshika unyevu. Ndio napeleka kaa niwashie. Inakuhusu nini?"

"Ulifunga tena?"

"Nitafunga aje na nataka kuwasha?"

"Tangu saa ngapi?"

"Asi! Umekuwa polisi?"

"Mukai yuko wapi?"

Hapo niliharibu. Macho yake yakabadilika.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni mtoto umefuata." Akanigeuzia mgongo, akashika njia ya jikoni na kaa lake.

"Mwaitu, gesi imejaa huko ndani!"

"Ningeisikia. Mimi nimezeeka, pua yangu haijazeeka. Hakuna harufu yoyote."

"Hainuki! Hiyo ndiyo shida yake, hainuki!"

"Gesi ya kutonuka umeitoa wapi, kama si kwa mdomo wako?"

Alibakiza hatua tano. Nne. Chini ya kamba ya nguo kulikuwa na beseni la maji ya kufulia. Nililiinua, nikammwagia. Lote. Kaa, kifuniko, na mama mkwe wangu kuanzia kilemba mpaka viatu.

Kaa likalia fsss, likawa jeusi.

Kamanthe akasimama akichuruzika sabuni. Alinizaba kofi ambalo shavu langu linalikumbuka mpaka leo. Sikungoja la pili. Nilimpita, nikaingia jikoni.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mukai alikuwa ameketi sakafuni, kisu na viazi mapajani, kichwa ameegemeza ukutani.

"Mama?" akasema, kama mtu anayeamshwa.

Kamanthe alifika mlangoni nyuma yangu, mkono juu. Kisha mkono ukabaki juu. Jikoni kimya kilikuwa kimetanda, na ndani ya kile kimya tulisikia wote wawili: ssss, nyembamba, haikomi.

Nikafunga mtungi. Ile sauti ikakatika.

Nikambeba Mukai mpaka nje, nikarudi kufungua madirisha. Nilipotoka, Kamanthe alikuwa ameketi chini kwenye nyasi na nguo zake zilizolowa, amemkumbatia mtoto. Mukai alilalamika kichwa kinamuuma, kisha akauliza kwa nini susu amelowa. Nikajua yuko salama.

"Ulijua aje?" Kamanthe akaniuliza.

Nikamwambia. Lori, mitungi, chai ya Nzuki, muhuri. Sikuficha hata barua ya chifu.

"Mitungi iko mingapi?"

"Ishirini na minne. Ukitoa huu wako, ishirini na mitatu."

"Na umekuja hapa kwanza."

"Ndiyo, mwaitu."

"Kama Laban hangekuambia ni mimi, ungekuwa wapi saa hii?"

Swali hilo ninatembea nalo mpaka leo.

Akainuka, akakamua ncha ya kitenge chake. "Nenda. Mukai atakaa na mimi. Hao wengine hawana mtu wa kuwamwagia maji."

*

Nilipoingia ofisi ya kawi, Nzuki alikuwa ameketi kwenye kiti nilichokalia asubuhi. Askari alisimama kando ya dirisha.

"Karibu, Mutheu," Bi Mwikali akasema. Hakutabasamu. "Ulipotoka nilipiga simu hospitali. Huwa napiga kila mara. Wameniambia walipokea mia sita themanini na nane. Nikamwita mwenye ghala."

"Nilimwamini kwa sababu tunasali pamoja," Nzuki akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Kumbe anajaza mitungi nyuma ya mgongo wangu na kuuza. Afisa, angalia hiyo sahihi. Ni yangu?"

Haikuwa yake. Ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiandika vizuri.

"Yeye ndiye aliyeniambia niandike," nikasema. "Laban analeta kitabu. Kila nyumba iko ndani."

"Laban ameshafika," Nzuki akasema.

Nikageuka. Dereva alikuwa ameketi nyuma ya mlango, kofia magotini. Kitabu kilikuwa tayari mezani. Bi Mwikali alinifungulia nione mwenyewe. Jumatatu. Jumanne. Kisha kingo zilizochanika, Jumatano haipo. Kisha ukurasa mweupe wa Alhamisi.

"Laban!"

Aliitazama kofia yake.

Askari akapiga hatua kuja kwangu. Bi Mwikali akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Mutheu, unasema kulikuwa na orodha ya kweli. Nani aliiandika?"

"Mimi. Kwa mkono."

"Basi itakuwa bado kichwani." Akanisukumia fomu tupu. "Lakini nikuambie wazi, nisikudanganye kama ulivyonidanganya. Ukiandika hapa kwamba mitungi iko, umekiri kosa la asubuhi. Ni kosa la kushtakiwa, na mimi siwezi kulifuta. Usipoandika, ni neno lako na la huyu mzee. Wakili anaweza kukutoa."

"Na wale watu?"

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo.

"Watapika chakula cha mchana."

Mawazoni nilimwona chifu akiikunja barua yangu. Nilimwona Mukai akikua nyuma ya lango lile, akiambiwa mama yako alifungwa kwa sababu ya gesi. Nikaishika kalamu kwa mikono yote miwili.

Nikaandika. Wayua, fundi wa nguo, Mumbuni. Hoteli ya Munyao, Kyumbi. Mwalimu Mutinda, nyuma ya kanisa. Kila nilipomaliza mstari, Bi Mwikali aliusoma kwa karani wake wa chumba cha pili, na karani alipiga simu. Asiye na simu, askari wa doria alielekezwa nyumba yake.

"Anabuni majina!" Nzuki akapaza sauti. "Mtu anaweza kutunga majina ya Wakamba siku nzima!"

Karani akachungulia mlangoni. "Madam, Wayua amepatikana. Anasema ni kweli, aliletewa jana na pikapu ya ghala. Amefunga, ametoa nje."

Nzuki akajisogeza aisome ile fomu.

Wa tano akapatikana. Wa tisa. Wa kumi na mbili alikuwa na kiberiti mkononi, karani alisema, tena alisema kwa sauti ya chini. Mimi sikuinua kichwa. Nilipokwama nilifumba macho nikauona ukurasa wangu kama ulivyokuwa kabla ya kuzamishwa kwenye chai, na jina likaja. Saa saba kasoro dakika kumi niliandika la mwisho.

"Ishirini na minne, pamoja na ule wa Mama Antony," nikasema.

Bi Mwikali alihesabu kwa kidole. Wote walikuwa wamepatikana. Aliegemea kiti, akavua miwani, akayafuta macho.

Mimi nikamtazama askari, nikanyoosha mikono. Nilijua zamu yangu imefika.

"Bado mmoja," Laban akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza. Wote tukageuka.

"Ni ishirini na minne," nikasema. "Niliihesabu mwenyewe ikijazwa."

"Mimi nilibeba ishirini na mitano. Huo mwingine ulienda Kithyoko jana jioni. Bosi aliniambia nisiuandike."

Nzuki akacheka, kicheko kifupi. "Huo hauhusiki hapa, mjinga wewe! Huo nilikuwa nimeuweka tangu Juni. Huo ni gesi ya kawaida, ule unanuka!"

Askari akamgeukia. Hata yeye aliyasikia aliyoyasema.

Bi Mwikali akavaa miwani yake taratibu. "Kwa hivyo ulijua ni ipi inanuka na ni ipi hainuki, Bwana Nzuki. Na ukachagua."

Nzuki alikuwa anamtazama Laban, kwa sababu Laban alikuwa ameanza kulia.

"Bosi," Laban akasema, "ule wa Juni ulikuwa umesimama pamoja na ile mingine. Rangi ni moja. Hukuniambia iko tofauti. Mimi nilipakia tu wa kwanza uliokuwa karibu na mlango."

"Karibu na mlango?" Nzuki akauliza.

"Ndiyo, bosi. Ule wa Juni ulikuwa ukutani kabisa, ulishuka kwa mteja mwingine."

"Kithyoko kuna nani?" Bi Mwikali akauliza.

Nzuki alikuwa ameshatoa simu. Vidole vilikosea namba, akafuta, akaanza tena.

"Mama yangu," akasema. "Anakaa peke yake."

Aliiweka simu sikioni. Chumba kilikuwa kimya hata sote tukawa tunausikia mlio wa upande wa pili. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu askari alivua kofia, sijui kwa nini.

Mara ya nne ikapokelewa.

Sauti haikuwa ya mama yake.